Umeme wa LUKU: Tupime matumizi, tusipelelezane



Ndugu msomaji, katika nyumba za kupanga za Kariakoo, Gerezani, Ilala na Magomeni, mambo mawili huwagombanisha watu kuliko yote: choo na LUKU. La choo tuliache kwa leo. Nataka tuzungumze juu ya LUKU, kwa sababu madukani Kariakoo sasa vimejaa vitu vinavyoitwa vifaa janja: plagi janja, taa janja, swichi janja, hata kiyoyozi kinachowashwa kwa simu mtu akiwa bado yumo kwenye mwendokasi. Muuzaji atakuambia kwamba kifaa hicho kitakuokolea umeme. Vijana ninaowasomesha Maarifa ya Uislamu wameniuliza mara nyingi: Ustadh, vitu hivi vinasaidia kweli, au ni israfu nyingine imevishwa kanzu ya uchumi?

Jawabu langu nalitoa mapema ili tusipotezeane muda. Faida kubwa ya vifaa hivi si ujanja wao, ni kupima. Na hatari yao kubwa si bei, ni kupelelezana. Anayevitumia kupima atapata kheri, na anayevitumia kupeleleza ataokoa shilingi elfu mbili na kubomoa nyumba yake. Hebu tulifafanue hili hatua kwa hatua.

LUKU ilikuwa na masikio, haikuwa na mdomo

LUKU, kama tunavyojua, ni kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. TANESCO ilianza kuifunga majumbani katika miaka ya 1990. Kabla yake mtu alitumia mwezi mzima ndipo bili ikaja, naye akashituka. LUKU iligeuza mambo: unalipa kwanza, unapewa tarakimu 20, unaziingiza kwenye mita, uniti zinasoma. Mwanzoni tulipanga foleni kwenye vituo vya mauzo, na baadaye ununuzi ukahamia kwenye simu.

Wengi hatujui tarakimu zile 20 zina nini ndani yake. Ni ujumbe uliofungwa kwa siri kwa ajili ya mita yako peke yake, unaoiambia: ongeza uniti kadhaa. Ndani yake mna pia hesabu ya muda, ili tarakimu zilizokwisha kutumika zisitumike tena. Hesabu hiyo ilianza kuhesabiwa kwa dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi yake ingejaa Novemba 24, 2024. Ndiyo maana katika mwaka huo wa 2024 TANESCO iliwatangazia wateja wake waingize tarakimu za ziada kwenye mita kabla ya umeme walionunua. Baadhi ya watu mitaani walidhani ni ujanja wa kuwaongezea malipo. Haikuwa hivyo. Mita za aina hiyo duniani kote zilikuwa zinarekebishwa kwa sababu hiyo hiyo.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mita ile ya kawaida inapokea tu. Ina masikio, haina mdomo. Inajua umetumia uniti ngapi, lakini haijui ni pasi, ni feni au ni friza, wala haimwambii mtu mwingine. Kifaa janja ni kinyume chake. Kimeungwa kwenye mtandao, kinapima na kinasema. Kinasema nini, na kinamwambia nani? Hapo ndipo penye kheri yake na shari yake.

Uniti moja ni nini?

Tuanze na kheri. Watu wengi wanahesabu umeme kwa muda, hawahesabu kwa nguvu. Utasikia mtu akisema, "Mimi nashinda kazini, kwangu kuna taa moja tu." Lakini uniti moja ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa moja. Kwa hiyo vitu viwili vinazidishwa: nguvu ya kifaa na muda wake.

Taa ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila siku, kwa mwezi wa siku 30 itakula uniti 9. Taa ya LED ya wati 9 kwa muda huo huo itakula uniti 1.35. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi kila usiku ni uniti 18 kwa mwezi. Jiko la koili la wati 1,000 likiwaka saa moja tu kwa siku ni uniti 30 kwa mwezi. Tazama sasa: feni inayopiga kelele usiku kucha imeshindwa na jiko linalowaka saa moja. Na kiyoyozi cha wati 1,100 kikifanya kazi mfululizo saa nane kinaweza kufika karibu uniti 9 kwa usiku mmoja, ingawa kwa kawaida kinapumzika chumba kikishapoa.

Kisha kuna umeme wa kimya. King'amuzi kilichoachwa kwenye plagi huku televisheni imezimwa, kikila wati 10 mchana na usiku, kitamaliza uniti 7.2 kwa mwezi. Hakuna anayekiona, hakuna anayekisikia, na hakuna anayekidhania vibaya.

Tuweke hesabu hii katika shilingi. Kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2016, mteja wa matumizi ya kawaida analipa shilingi 292 kwa uniti, na ukijumlisha VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya EWURA, uniti inafika kama shilingi 356. Ndiyo maana ukinunua umeme wa shilingi 10,000 unapata uniti 28 hivi, kabla ya kukatwa kodi ya majengo iliyoanza kupitia LUKU mwaka 2021. Basi king'amuzi kile cha kimya kinakula shilingi 2,563 kila mwezi.

Kupima ni Sunna

Huenda msomaji akasema: Ustadh, hizi wati zina uhusiano gani na dini? Zina uhusiano mkubwa. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (r.a.), tunafahamishwa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudd moja ya maji na akioga kwa pishi moja, yaani mudd nne, hadi mudd tano. Mudd ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani, maji yanayozidi nusu lita kwa kiasi kidogo. Hebu tuizingatie hadithi hii. Maswahaba walijua kipimo kwa sababu kipimo kilikuwepo. Waliyataja maji ya udhu kwa ujazo unaofahamika, na sisi leo ukimwuliza mtu friji lake linatumia uniti ngapi kwa siku, atabaki anakutazama.

Kadhalika, katika hadithi sahihi tumeelekezwa kuzima taa wakati wa kulala, na sababu ikatajwa: panya anaweza kuuvuta utambi akawachomea watu nyumba. Hapa tunajifunza kuwa kuzima kisichotumika ni kulinda mali na roho pia. Utambi wetu wa leo ni ekstensheni iliyobebeshwa plagi sita chini ya godoro.

Wapo wanaosema kwamba zama za mgawo zimekwisha, umeme upo, kwa nini tujibane? Ni kweli kwamba Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lilianza kuingiza umeme kwenye gridi ya taifa Februari 2024, na mitambo yake tisa ya megawati 235 kila mmoja inafanya megawati 2,115. Tunamshukuru Allah (s.w.) kwa neema hiyo. Lakini katika mkusanyiko wa Ibn Majah imo hadithi ya Mtume (s.a.w.) kumkataza Sa'd (r.a.) israfu katika udhu, hata kama yuko kwenye mto unaotiririka. Wapo wanazuoni walioidhoofisha isnadi ya hadithi hiyo, lakini maana yake inaungwa mkono na aya ya 31 ya Suratul A'raf inayokataza israfu. Basi wingi wa maji ya Rufiji hauhalalishi kumwaga.

Nyumba moja, LUKU moja

Sasa tuingie ndani ya nyumba zetu. Nyumba nyingi za mjini zina vyumba sita, vinane, hata kumi, na LUKU moja ukutani. Kila mwezi, au kila umeme ukikata, watu wanachanga sawa kwa sawa. Anayechelewa kutoa anasemwa. Mwenye friji anasemwa. Mwenye wageni anasemwa. Ghiba inaanzia hapo.

Nyumba moja ya vyumba sita katika mitaa hii ya Kariakoo waliniita niwasuluhishe. Mama mmoja anauza barafu na juisi, ana friza. Wenzake walishikilia kwamba nusu ya umeme wa nyumba unaliwa na friza hilo. Aliyepaza sauti zaidi alikuwa kijana anayeshinda dukani, mwenye taa moja, simu na jiko la koili. Nyumba nzima ilikuwa inatumia kama uniti 210 kwa mwezi, yaani shilingi 74,760, na kila chumba kilichanga shilingi 12,460.

Sikutoa hukumu, kwa sababu sikuwa na ushahidi. Niliwaambia tupime. Mwanafunzi wangu mmoja anayeuza vifaa vya umeme alituazima plagi mbili janja zenye kupima, na mwenye duka la mbele ya nyumba akaturuhusu kutumia waifai yake. Kabla ya kuchomeka chochote tulikaa ukumbini, kila mmoja akaelezwa kitakachopimwa na kwa siku ngapi, na kila mmoja akaridhia. Plagi moja ikawekwa kwenye friza, ya pili kwenye jiko la kijana. Tukapima siku saba.

Friza lilitumia uniti 11.2, yaani 1.6 kwa siku, sawa na uniti 48 kwa mwezi. Jiko la koili lilitumia uniti 1.3 kwa siku, sawa na 39 kwa mwezi. Uniti 123 zilizobaki zilikuwa za taa, feni, televisheni na ving'amuzi vya vyumba vyote sita.

Basi ukweli ulikuwa huu. Mama kweli alikuwa akitumia kuliko alichochanga, lakini friza lake halikufika hata robo ya umeme wa nyumba, seuze nusu. Na kijana aliyekuwa akimtuhumu alikuwa anamkaribia mno, bila ya yeye mwenyewe kujua, kwa sababu alikuwa akihesabu muda badala ya wati. Tulipogawa upya, mama akaangukia shilingi 24,386, kijana shilingi 21,182, na vyumba vinne vilivyobaki shilingi 7,298 kila kimoja. Mama alisema, "Mimi kulipa silalamiki, nililalamika kuitwa mwizi." Nalo jiko la koili halikukaa muda mrefu. Kijana mwenyewe alipoiona hesabu alilitoa.

Mwanzo wa Suratul Mutaffifin unawakemea wale ambao wakipimiwa wanataka kipimo kitimie, na wao wakiwapimia wengine wanapunguza. Tumezoea kuisoma sura hiyo tukimfikiria muuza mchele wa sokoni. Lakini anayetumia uniti 60 akachangia kama mtumiaji wa uniti 20 anatofautiana naye vipi? Tofauti ni kwamba muuza mchele anaona mizani, na mpangaji haioni. Kifaa hiki kimeileta mizani chumbani.

Lakini kuna dhulma nyingine ambayo plagi haiwezi kuiondoa, nayo ni lazima tuiseme. Katika viwango hivyo hivyo vya mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti, au 122 pamoja na makato. Katika nyumba niliyoitaja hakuna chumba hata kimoja kilichofika uniti 75, pamoja na friza na jiko. Ila kwa kuwa wote wako nyuma ya mita moja, mita inaona mteja mmoja wa uniti 210. Kama kila chumba kingekuwa na mita yake na kupangwa katika kundi la matumizi madogo, nyumba nzima ingelipa shilingi 25,620 badala ya 74,760. Zaidi ya nusu ya mchango wa wapangaji hao inatokana na waya ulivyopita, wala haitokani na uzembe wa mtu. Mwenye nyumba mwenye uwezo wa kuwaombea wapangaji wake mita zao atakuwa amewaokolea zaidi ya kifaa janja chochote.

Kifaa nacho kinakula

Sasa tuwe waadilifu kwa kifaa chenyewe. Plagi janja nayo inatumia umeme, kwa kadiri ya wati 1, kwa kuwa ni lazima ibaki macho ikisubiri amri. Hizo ni uniti 0.72 kwa mwezi. Si nyingi. Lakini inahitaji waifai, na ruta ya wati 8 ikiwaka siku zote inakula uniti 5.76 kwa mwezi. Tuchukue king'amuzi chetu cha wati 10. Ukikizima kwa saa 19 kila siku, utaokoa uniti 5.7. Ondoa 0.72 za plagi, ondoa 5.76 za ruta iliyonunuliwa kwa ajili yake, na utakuta umepata hasara, tena bila kuhesabu bei ya vifaa na kifurushi cha intaneti. Kuinama na kuchomoa plagi kwa mkono ni bure.

Kwa hiyo aliyekwisha kuwa na waifai kwa kazi nyingine anaweza kufaidika. Asiye nayo asidanganyike kuinunua kwa ajili ya kuokoa umeme. Na anayetaka kitu kizimike chenyewe saa fulani, ipo plagi ya saa isiyohitaji mtandao wowote.

Faida ya kweli ya kifaa janja iko kwenye mambo matatu. Kwanza, kujua. Mwaka 2006 mtafiti Sarah Darby wa Chuo Kikuu cha Oxford alipitia tafiti nyingi za nchi mbalimbali, akaona kwamba watu wanaooneshwa matumizi yao moja kwa moja hupunguza kwa asilimia 5 hadi 15. Hawakuongezewa kitu ila kuona. Pili, kiyoyozi. Hiki kinakula sana, na watu hukisahau. Kukiwekea muda wa kuzimika alfajiri kunaleta tofauti inayoonekana. Tatu, kubaini ugonjwa. Friza ambalo jana lilikula uniti 1.6 na leo linakula 3 lina mpira wa mlango uliochoka au gesi imepungua. Linahitaji fundi.

Aidha tuwe na tahadhari. Plagi nyingi zimeandikwa ampea 10 au 16. Zidisha kwa volti 230 utapata wati inazoweza kubeba: ampea 10 ni wati 2,300. Hita ya kuogea ya wati 3,500 au zaidi usiipitishe hapo kabisa, itayeyusha plagi. Friji usiliwekee ratiba ya kuzimwa na kuwashwa, kwani lina kidhibiti chake cha baridi, nawe utaozesha chakula. Na kifaa ambacho pini zake hazikai vizuri kwenye soketi zetu za matundu matatu, usikilazimishe kwa kijiti.

Mpaka wa tajassus

Tumeona kheri. Sasa tuitazame shari, nayo ni ile ya kuwa na mdomo.

Kifaa kinachopima umeme wa chumba kinajua zaidi ya umeme. Kinajua saa ngapi taa imewaka, saa ngapi pasi imechomekwa, siku gani hakukuwa na mtu. Anayeisoma programu ile anaweza kujua nani ameamka kula daku na nani amelala hadi jua kuchomoza, nani amerudi saa saba usiku, na nyumba ipi iko tupu wiki nzima. Mwizi hahitaji zaidi ya hapo.

Hofu hii si ya Waislamu peke yao. Aprili 2009 Baraza la Juu la Bunge la Uholanzi lilikataa kupitisha sheria ya kulazimisha kila nyumba kufungwa mita janja, na hoja kubwa ilikuwa faragha ya watu majumbani mwao. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeweka masharti kwa wanaokusanya taarifa za watu. Na kwa kuwa TANESCO nayo imeanza kuingia kwenye mita janja zinazozungumza na ofisi, ni haki ya raia kuuliza taarifa zake zinakwenda wapi na zinakaa muda gani.

Lakini mimi hofu yangu kubwa iko karibu zaidi: mume na mke, mwenye nyumba na mpangaji, mzazi na kijana wake. Nimeulizwa na mume mmoja kama inajuzu kufunga swichi janja nyumbani ili akiwa safarini ajue mkewe anawasha nini na saa ngapi. Nilimwuliza: unatafuta umeme au unatafuta jambo jingine? Akanyamaza. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat imekataza dhana nyingi, kisha ikakataza kupelelezana, kisha ikakataza kusengenyana. Angalia mpangilio huo: dhana huzaa upelelezi, na upelelezi huzaa usengenyaji. Kifaa cha kuokoa umeme kikiingia nyumbani kwa njia ya dhana, kitazipita hatua zote tatu.

Na iko hadithi mashuhuri ya mtu aliyechungulia kwa tundu ndani ya chumba cha Mtume (s.a.w.), naye Mtume akakasirika sana na kubainisha kuwa kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya jicho. Mtu yule hakuingia ndani wala hakuiba. Alitazama tu. Je, programu ya simu inayomwonesha mwenye nyumba aliyeko Muscat chumba gani cha Kariakoo kimewasha taa, si tundu? Na je, akiweza kumzimia mpangaji umeme kwa kidole kwa sababu kodi imechelewa siku mbili, mgonjwa akiwa ndani na feni, hiyo ni haki gani? Madhara huondolewa, hayafungiwi swichi.

Nionavyo mimi, mpaka ni huu. Kupima kifaa kwa idhini ya mwenyewe, kwa muda uliotajwa, kwa lengo lililotajwa, ni uadilifu. Kumfuatilia mtu kwa siri kupitia kifaa ni tajassus, hata kama umeme umepungua. Na hata ndani ya familia, tusifanye ubahili tukauita uchumi. Aya ya 67 ya Suratul Furqan imewasifu wanaokaa katikati ya israfu na ubahili. Kumzimia bibi feni katika joto la Februari la Dar es Salaam ili kuokoa uniti 18 za mwezi mzima si kukaa katikati.

Mtandao ukikatika

Jambo la mwisho ni kutegemea. Mei 2021 mfumo wa kununua LUKU ulipata hitilafu, na kwa siku kadhaa watu wenye fedha mkononi walikosa umeme wa kununua. Mei 2024 nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikayumba nchini. Vifaa vingi janja hupeleka amri yako kwanza kwenye seva iliyo nchi ya mbali, kisha amri ikarudi kwenye taa iliyo hatua mbili kutoka ulipokaa. Mtandao ukikatika, taa haikusikii. Basi usinunue kifaa kisichokuwa na kitufe cha kubonyeza kwa mkono.

Tufanye nini?

Nawausia ndugu zangu mambo machache. Soma LUKU yako kila siku baada ya Isha kwa siku saba na uandike. Daftari na kalamu ni kifaa janja cha kwanza. Soma wati zilizoandikwa nyuma ya kila kifaa chako. Badilisha taa za zamani. Ng'oa plagi za vitu visivyotumika. Nyumba zenye LUKU moja zikae kikao, zipime vile vinavyokula sana kwa idhini ya wote, zigawane kwa haki, na zimwombe mwenye nyumba mita za vyumba. Ukinunua plagi janja, badilisha neno la siri lililokuja nayo, usimpe kila mtu, na wanaoishi nawe wajue ipo na inaonesha nini. Misikiti yetu nayo ijitazame: viyoyozi na feni za saa nzima baada ya Adhuhuri, wakati safu imebaki na watu watatu, vinaliwa kutoka sadaka za watu.

Kifaa janja hakina taqwa. Kitapima kwa haki au kitachungulia kwa dhulma, kadiri ya moyo wa anayekishika. Tumwombe Allah (s.w.) atujaalie kuwa waadilifu katika mizani inayoonekana na isiyoonekana, na atuhifadhie sitara za nyumba zetu.

Wabillahi tawfiq.